Filamu ya Yule wa Mvua

Msusi huyu hajui kukaa. Hata akiwa kazini hukanyaga huku na kule, mguu huu ukichoka anaupokeza ule, na akimaliza kichwa kimoja badala ya kupumzika anafuta kioo alichokifuta sasa hivi. Miaka kumi na tisa anasuka katika chumba kimoja chenye viti vinne, vioo vitatu, draya moja kuukuu ya kufunika kichwa kizima, na televisheni iliyopigiliwa juu ya mlango. Televisheni hiyo ndiyo inayowaweka wateja kitako. Misuko midogo ni kazi ya saa tano, na mtu mzima hawezi kuutazama ukuta saa tano bila kuanza kuusema ukoo wa mumewe.

Wateja wa Jumamosi huchagua filamu wenyewe, kwa kelele. Nani yumo? Hilo ndilo swali lao la kwanza na la mwisho. Akiwemo yule mnene anayejua kusonya, weka. Kama hayumo, toa. Mwongozaji wa filamu kwao ni kama fundi aliyejenga ile saluni: wamo ndani ya kazi yake kutwa nzima, lakini jina lake hakuna aliyewahi kuliuliza.

Mmoja tu ndiye aliyefua dafu. Huyo wanamwita Yule wa Mvua, maana katika filamu zake mtu haachwi na mpenzi wake mpaka mvua inyeshe. Ikisemwa tu kwamba hii ni ya Yule wa Mvua, hakuna anayeuliza nani yumo. Hata aliyekuja kubana nywele za mbele na kuondoka anavuta kiti.

Basi msusi ana mdogo wake, wa tumbo moja, wako wawili tu, na mdogo mtu alikuwa ametengeneza filamu. Ya kwanza. Ilimla miaka miwili, kwa kamera ya kuazima na majirani kuigiza, sura ambazo hazijawahi kuonekana popote isipokuwa kwenye foleni ya maji. Alimletea dada yake kwenye flashi, akamwekea mkononi na kuvifunga vidole vya dada kwa vidole vyake.

“Waonyeshe wateja wako, dada. Usiwaambie ni yangu. Nataka kujua watasema nini.”

Wasomi walikwisha kuisifu katika ukumbi fulani, lakini makofi ya watu waliokaa wamekunja nne hakuyatilia maanani sana. Hawa wa saluni wakiinuka katikati kwenda kununua vocha, hapo ndipo angejua. Tena hakuwa na nafasi ya kungoja. Mjomba wao alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alimtaka nyuma ya kaunta, na jibu alilitaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Mdogo mtu alikwisha kukata shauri: wakiichoka filamu, anakwenda kuuza misumari na kamera hataigusa tena.

Wiki tatu msusi alizunguka na ile flashi kwenye mfuko wa aproni. Mara mbili aliichomeka. Mara mbili wakauliza nani yumo, akasema hamumjui, wakasema basi weka ile nyingine. Jioni mdogo wake akipiga simu, msusi alisema wameipenda sana. Akiulizwa wameipenda wapi, alisema kote. Uongo wa kivivu namna hiyo hauendi mbali. Mdogo mtu akasema Jumamosi atakuja mwenyewe, akae kama mteja, asikie kwa masikio yake.

Akaja kabla ya saa nne. Msusi alimwosha, akamfunga rola, akamkalisha chini ya draya. Draya ile ikiwaka, aliye ndani yake hasikii hata akiitwa jina. Midomo anaiona, sauti haipati.

Walikuwemo watatu wengine. Mwalimu mstaafu, ambaye kichwa chake kilikuwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Muuza vitambaa, anayekuja kutengenezwa kucha na kukaa mpaka alasiri. Na nesi aliyetoka zamu, miguu juu ya kigoda.

Msusi akachomeka flashi. Nyumba ikatokea, mwanamke akipura maharagwe makavu kwa fimbo uani, hakuna muziki.

“Nani yumo?” akauliza mwalimu.

Muuza vitambaa alikwisha kuinyanyua rimoti kwa vidole viwili, kucha hazijakauka. Kwenye kioo msusi alimwona mdogo wake chini ya lile kofia la draya, macho yakiwapitia wote watatu kwa zamu. Mdomo ukamtangulia.

“Ni ya Yule wa Mvua. Mpya. Watu hawajaiona bado.”

Rimoti ikawekwa chini. Nesi akateremsha miguu.

Tangu hapo msusi hakuona filamu hata kidogo. Aliwaona wao. Alisuka huku akiruka kutoka kioo hiki hadi kile, akihesabu nani amepiga miayo, nani amegusa simu. Akaachia mstari mmoja mnene na mwingine mwembamba, akafumua, akaanza upya. Alikuwa na mpango wake: majina yakianza kupanda mwishoni, azime. Watu huinuka majina yakianza, hakuna anayeyasoma, lakini siku ya kuumbuka hata kipofu atasoma.

Nao walitazama. Muuza vitambaa aliwaambia wenzake wasubiri, huyu mvua yake huiweka mwisho. Mwalimu akasema ona alivyomwacha yule mama bila kumpaka poda, mwongozaji mwenye akili haogopi sura ya mtu. Kisha ikaja ile sehemu ambayo wageni wanaingia ndani kumpa mwanamke habari za mumewe. Mlango ukafungwa, na kamera ikabaki nje. Dakika ya kwanza, ya pili, mlango tu na viatu vya wageni mbele yake. Hakuna aliyekohoa. Nesi akajifuta jicho kwa kiwiko.

Hapo draya ikajizima.

Mdogo mtu akalinyanyua kofia, uso unang'aa kwa joto na furaha, maana alikuwa ameona kila kitu. Sauti ya kwanza iliyomfikia ilikuwa ya muuza vitambaa.

“Yule wa Mvua ana kichwa, jamani. Mwingine angetuingiza ndani atuchoshe na vilio.”

“Nani huyo?” mdogo mtu akauliza.

“Mwongozaji, mwanangu,” mwalimu akamweleza kwa upole. “Hii ni yake.”

Mdogo mtu alimtazama dada yake kupitia kioo, kama mtu aliyefuata gauni lake kwa fundi akalikuta limevaliwa na mwingine, na limempendeza. Kisha akatikisa kichwa kidogo, rola zikagongana. Acha. Ndivyo msusi alivyomwelewa. Wametazama, yatosha.

Kwa msusi haikutosha. Alikwenda dirishani, akarudi, akachukua kitana, akakiweka, akakichukua tena.

“Si yake,” akasema. “Ni ya huyu mdogo wangu. Nimewadanganya ninyi, naye nimemdanganya wiki tatu nzima.”

Mwalimu aligeuka ghafla mpaka msuko ukamponyoka msusi mkononi. Ungewasikia sasa. Muuza vitambaa akasema alishangaa tangu mwanzo mbona mvua hainyeshi. Nesi akasema mafuta ya nywele yalimwingia jichoni. Ule mlango uliokuwa na akili dakika tano zilizopita sasa ulikuwa mlango tu, tena mrefu. Muuza vitambaa alidhani televisheni imeganda. Yule mama asiyepakwa poda, kumbe poda hawakuwa nayo.

Msusi akataka kuzima. Mdogo wake akamwahi, akaishika rimoti, akarudisha nyuma mpaka mlangoni, akasimama katikati ya chumba na rola zake kichwani.

“Semeni tena. Mlango una kosa gani?”

“Sasa sikiliza, mwanangu,” akasema mwalimu. “Tulipojua ni yake, tulisema hakufunga bure, ana sababu. Wewe hatukujui. Tuambie. Kwa nini umetufungia nje?”

“Kwa sababu ndani sikuwahi kuingia. Siku mama alipoletewa habari za baba, dada aliitwa. Mimi nikaambiwa nikae nje nichunge viatu vya wageni. Viatu nilivijua mpaka soli. Ya ndani siyajui mpaka leo.” Akaelekeza rimoti kwa msusi. “Muulizeni yeye. Na mimi hajawahi kuniambia.”

Vichwa vitatu vikageuka. Mwalimu, mwenye nusu kichwa, ndiye aliyeuliza, na safari hii hakuuliza kama mteja. Huko ndani kulikuwa na nini, mama?

Msusi alikuwa amekwisha kufika kwenye kioo cha tatu, kitambaa mkononi, anafuta. Aliwajibu akiwa amewapa mgongo.

“Mama hakulia. Kila mtu alimngojea alie. Yeye alikuwa anakunja nguo.”

“Zake?” mdogo mtu akauliza.

“Za baba. Zilikuwa hazijakauka vizuri.”

“Alikunja zote?”

“Shati moja alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mara nyingi tu. Shangazi akataka kumpokonya.”

“Akampa?”

Muuza vitambaa akafungua mdomo, nesi akamfinya. Rola moja ilidondoka, ikabingirika chini ya kigoda, mdogo mtu hakuitazama. Aliuliza shangazi alisimama upande gani, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, shati lilikuwa na rangi gani, na msusi, akijibu huku anafuta pale palipokwisha kutakata, alijua kwamba Jumatatu mjomba itabidi atafute mtu mwingine wa kumuuzia misumari.