Siku Koo la Mbuzi Lilipopasuka Mbele ya Mama Kabula

Jamani, aibu hii nimeibeba miezi mingi na sasa naitua hapa, mcheke mnavyotaka. Mimi ni daktari mwanafunzi wa upasuaji katika hospitali moja mjini Tabora, na wiki ile nilikuwa na furaha hata usingizi haukai, maana Dokta Shija, bingwa wetu, alikuwa anajiandaa kumtoa mgonjwa koo la chakula lenye saratani kupitia matundu madogo tu, na mimi nimechaguliwa kushika kamera!

Mgonjwa mwenyewe ni Baba Kabula, mkulima wa tumbaku kutoka Usinge, ambaye hata uji ulikuwa haupiti. Mkewe akanishika mkono kwenye korido.

"Mwanangu, koo mkishalitoa, chakula kitapita wapi?"

"Shikamoo mama. Tumbo tunalifanya kama mrija, tunalivuta juu hadi shingoni, tunaliunga na kipande cha koo kilichobaki."

"Marahaba. Mnaliunga na nini, gundi?"

Hapo ningemjibu tu yakaisha. Lakini mimi (kiherehere changu mnakijua) nikamwambia aje chumba cha mafunzo kesho saa nne aone kwa macho yake, kwa sababu nilikuwa nimenunua koo na tumbo la mbuzi kwa muuza nyama wa Isevya nifanyie mazoezi. Kuna mashine inayobana kwa pini ndogondogo, kuna kushona kwa mkono, na mimi nilitaka Dokta Shija aone kwamba mkono wangu haushindwi na mashine.

Kesho yake chumba kimejaa, manesi, wanafunzi wenzangu, Dokta Shija na shati lake jeupe, Mama Kabula kiti cha mbele na kitenge kipya. Nikashona haraka haraka huku nikihubiri, nikafunga upande mmoja kwa uzi, nikachukua bomba kubwa la sindano lenye maji niliyotia rangi ya bluu ili kama pana tundu lionekane, nikasukuma. Kavu! Watu wakapiga makofi, na mimi kichwa kikavimba.

"Ongeza, mwanangu," akasema Mama Kabula, "mume wangu akipona anakunywa uji bakuli mbili."

Nikaongeza. Mara, pwaa! Maji yakaruka, shati la Dokta Shija likawa bluu, kitenge kikawa bluu, na mama akasimama akipiga yowe, "Mayo wane, mama yangu! Ndivyo mtakavyomfanya Baba Kabula? Tunarudi Usinge leo hii!"

Akatoka mbio. Nikamfuata (sijui akili ilikwenda wapi) nikiwa nimeshika tumbo la mbuzi linalochuruzika, nikakatiza wodi nzima nikiita, "Mama, huyu ni mbuzi! Huyu ni mbuzi tu!" Wagonjwa waliokuwa hawajaketi wiki nzima wakaketi.

Tukafika kitandani. Mama anafunga vitu, analia, na mimi namwomba asiondoke, kwa sababu bila upasuaji yule mzee angekufa kwa njaa, na sababu ningekuwa mimi. Baba Kabula akanitazama mikono ya bluu, akatazama lile tumbo la mbuzi, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Mama Kabula, weka mfuko chini. Huyu kakosea kwa mbuzi ili asikosee kwangu."

Dokta Shija alikuwa mlangoni. "Umeshona kama unafunga gunia," akaniambia. "Nafasi kati ya mishono ni pana mno. Wiki hii utashona makoo ishirini, na kila moja unalijaribu mwenyewe kwanza."

Nikashona yote. Siku ya upasuaji alishona yeye, mimi nikashika kamera bila kutikisika, na siku zilipotimia Baba Kabula akapewa maji kijiko kimoja. Yakapita. Mama Kabula akaninyang'anya kile kijiko akamnywesha cha pili mwenyewe.

Lakini nimeapa, mshono ambao sijaujaribu peke yangu simwiti mtu kuutazama, na maji ya rangi hamtaniona nayo tena karibu na kitenge cha mtu.