Mgeni Pekee wa Nyumba ya Mahameni

Treni ilinichukua Tabora ikanishusha Ruvu, na pale nikangoja kutwa nzima behewa la kwenda Korogwe. Kutoka Korogwe nilipanda lori la mkonge, nikakaa juu ya marobota, nyuzi zikinichoma mapaja hadi Segera. Lori jingine, la mahindi, lilinifikisha Kabuku. Kutoka hapo nilitembea hadi nikafika upande wa Kwedizinga, vumbi limenijaa puani. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na nimeacha kazi nyingine ya ukarani. Utingo wa lile lori la mahindi alikuwa ameniambia kwamba huko yuko bibi anayepangisha chumba kwa watu wanaotaka kupumzika. Sikumuuliza ni watu gani hao wanaokwenda kupumzika Handeni wakati wa kiangazi.

Kumbe nilikuwa wa kwanza.

Nyumba ya bibi ilisimama peke yake katikati ya mahame. Kote kulikuwa na kuta za udongo zisizo na paa, mibaazi imeota ndani ya vyumba vya watu. Wenyewe walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara, na nyumba zao zikaezuliwa ili wasirudi. Bibi alikataa kwenda. Nyuma ya nyumba alikuwa amemzika mumewe na wanawe wawili, na alijua kwamba nyumba ikishaanguka, mahali pale patakuwa pori na hataruhusiwa hata kufyeka makaburi. Basi akawaambia viongozi kwamba pale si kwake tena, ni nyumba ya wageni. Alichokosa ni mgeni.

"Kabila gani wewe?" aliniuliza kabla sijatua mzigo.

"Mnyamwezi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mtani wangu, kumbe! Babu zako walipita hapa na meno ya tembo mabegani, wakatuibia kuku. Wewe umefuata waliobaki?"

"Nimefuata jogoo."

Alicheka hadi akajishika mbavu, akanionyesha chumba. Utani wa Wazigua na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana, anakula chakula chako, na huwezi kumkasirikia. Bibi aliamini hakuna Mzigua atakayethubutu kuezua nyumba aliyolala mtani.

Aliogopa tu kwamba nitachoka niondoke. Kwa hiyo kila asubuhi alinitembeza. Alinionyesha bwawa lililobaki tope, akaniambia likijaa linapendeza. Alinipeleka kwenye msikiti wa zamani, mbuzi wa Wamasai wamelala mihrabuni, akawafukuza kwa fimbo, na tulipogeuka tu wakarudi. Tulikwenda kuona mti ambao chini yake alichumbiwa. Ulikuwa umekatwa kuni. Alisimama pale akazunguka kisiki, akasema, "Basi, umeuona."

Mpwa wake alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuja jioni moja, kofia mkononi.

"Shikamoo shangazi. Wanasema nyumba hii haina mtu."

"Na huyu ni nini, kinyago?"

"Huyu atakwenda kwao, shangazi."

"Aende wapi? Bado hajaona kilima." Akanigeukia. "Wewe mla panya, umeona kilima?"

Nikasema sijaona.

Balozi hakucheka. Alimwomba tusitoke wote wawili wiki ile. Bibi akajibu kwamba tutatoka Ijumaa, kwa sababu mgambo wote wa kijiji ni Waislamu na siku hiyo hawaendi popote hadi waswali.

Ijumaa tukapanda kilima. Ilituchukua muda, alikuwa akipumzika kila kwenye jiwe. Juu kabisa ilionekana milima ya Usambara, ya buluu, imefunikwa na mawingu, na bibi akanyoosha kidole upande wa Bungu, alikoolewa dada yake. Alisema huko mvua hainyimi watu. Alikaa muda mrefu akitazama. Nami sikutaka kushuka.

Tuliporudi, paa halikuwepo. Nyasi zilikuwa zimetawanywa uani na fito zimepangwa pembeni vizuri, kama za mtu anayejenga. Mgambo walioezua hawakuwa wa kijijini. Waliletwa kwa lori kutoka kambi za mkonge, vijana ambao wazazi wao walikuja kukata mkonge kutoka kusini, wengi wao Wakristo. Ijumaa kwao ilikuwa siku ya kazi, na utani wetu hawakuujua. Balozi alikuwa msikitini.

Bibi hakulia. Aliingia ndani akafuta vumbi kwenye chungu, akatoka, akakifuta tena.

Asubuhi alikwenda nyuma, akasoma Fatiha, akang'oa magugu machache, akaacha mengine. Mpwa wake alibeba kitanda kichwani, mimi nikabeba vyungu. Kijijini alipewa chumba katika nyumba iliyopangwa mstarini kama nyingine zote, mlango ukitazama barabara.

Nilimwambia nitarudi kumtembelea.

"Uje uone nini?" alisema. Hakuwa ananitania.

Nikaenda Kabuku, nikapata lori la kwenda Chalinze. Nimezunguka sehemu nyingi tangu siku hiyo, lakini upande ule sijarudi. Nasikia mahame yote yamelimwa kwa trekta, na hakuna anayeweza kuonyesha makaburi yalikuwa wapi.