Jicho la Zubeda

Mwanakheri binti Jumbe alikuwa mhudumu wa chumba cha eksirei katika hospitali moja ya Kibaha. Kazi yake kubwa ilikuwa kushika watoto wasitikisike. Watoto wengi walinyamaza akiwashika.

Mwaka 1975 aliletwa Zubeda, mwenye miaka mitano, kutoka kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kisarawe. Baba yake, Mfaume, alikuwa akifukuza nguruwe kwenye shamba la muhogo la kijiji. Gobore likafyatuka ovyo, na chembe moja ya marisau ikamwingia mtoto shavuni, chini ya jicho la kushoto. Jicho lenyewe lilikuwa zima.

Daktari aliitafuta chembe ile huku mashine ikiwaka, akifuata kivuli chake kwenye kioo. Siku ya kwanza hakuipata. Wiki iliyofuata hakuipata. Mara ya tatu ilichukua karibu saa nzima ndipo ikatoka. Daktari na Mwanakheri walikuwa wamevaa aproni nzito za kuzuia mionzi. Mtoto alivaa gauni lake tu.

"Yeye hatumfuniki?" Mwanakheri aliuliza.

"Tukimfunika uso tutaona nini? Mshike vizuri."

Akamshika.

Mwaka 1979 Mfaume alimrudisha binti yake hospitalini. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imeingia ukungu. Mwanakheri ndiye aliyepeleka faili kwa daktari wa macho, mgeni aliyekuja kwa siku mbili. Daktari alimpima Zubeda, akamtoa nje, kisha akasema na muuguzi wake, Mwanakheri akiwa bado mlangoni.

"Marisau hayakugusa jicho. Mtoto wa jicho wa namna hii huwapata waliokaa sana kwenye mionzi. Siwezi kuapa. Alipigwa eksirei mara ngapi?"

Faili lilikuwa na mstari mmoja tu: chembe imetolewa.

Mfaume hakuambiwa kitu. Mwanakheri alimkuta kwenye benchi, akaketi kando yake.

"Kaka, daktari anaona si gobore lako. Huenda ni ile mashine."

"Ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

"Mama yake amerudi kwao Mlandizi," Mfaume akasema. "Anasema nimempofusha mwanawe. Nenda ukamwambie wewe."

Jumapili Mwanakheri akaenda. Swaumu, mama wa mtoto, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Na wewe ulijikinga?" akauliza.

"Nilijikinga."

"Haya. Ahsante kwa kuja."

Swaumu hakurudi kwa mumewe. Zubeda alipasuliwa Dar es Salaam, lakini jicho lile likabaki kuona mwanga na vivuli tu.

Mwanakheri aliendelea na kazi. Kila alipoletwa mtoto, alimuuliza daktari kama picha ile ni ya lazima, na kama macho hayawezi kufunikwa. Madaktari wengine walikubali. Wengine walichoka naye, na mwaka 1982 akapewa barua ya kumhamishia kwenye chumba cha kufulia mashuka. Aliisoma mara mbili, akaenda kufua.