Nilimwambia mke wangu dozi imekwisha

Habari zenu wote. Jina langu admini analo, litabaki kwake. Nina miaka sabini na mmoja. Nilizaliwa Kishapu, nikawa karani wa kiwanda cha pamba. Kilipofungwa tukahamia huku Katoro. Miaka thelathini sasa, na bado naitwa mgeni.

Kabla ya haya, mke wangu alikuwa ameugua sonona mara tatu. Mara ya tatu alilala miezi miwili, hata kuitikia salamu kulimshinda. Daktari alimwanzishia vidonge, akatueleza kwamba kwa kuwa ugonjwa unamrudia, atavimeza muda mrefu hata akiwa mzima. Nilisikia vizuri.

Mwaka wa pili wa vidonge alikuwa anakwenda mnadani na kunitania kuwa Kiswahili changu ni cha ofisini. Vile vidonge nikaanza kuvionea aibu wageni walipokuja. Sisi tumezoea malaria: maliza dozi, umepona. Nikamwambia, "Mama Kabula, dozi gani hii isiyokwisha? Umeshapona." Akasema tumuulize daktari kwanza. Nikamjibu kwamba daktari haishi naye, mimi ndiye ninayeishi naye. Akaacha, kwa kuniheshimu.

Mvua zilipoanza hakushika jembe. Akaacha kula. Asubuhi moja nilimkuta jikoni, moto umezimika, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba bila yeye tungepumzika. Nilimpeleka hospitali saa ileile.

Binti yetu alikuja kutoka Shinyanga. Daktari alipouliza kwa nini dawa ziliachwa, nilikuwa nakohoa nipate pa kuanzia, mke wangu akaniwahi: "Nilisahau tu, daktari."

"Mama, kwani wewe mtoto?" binti akamgombeza mbele ya wauguzi. Yeye akainama. Mimi nikamwacha alaumiwe.

Amerudia vidonge, na nafuu inakuja taratibu. Lakini Jumapili binti anakuja kumhamishia kwake, kwa sababu eti mama haaminiki kwenye kumeza dawa zake. Mke wangu hataki kwenda. Nilipomwambia nitasema ukweli, alinikataza: "Baba Kabula, watoto watakudharau. Acha niende."

Anaondoka nyumbani kwake akibeba kosa langu, na bado ni mgonjwa. Nikisema, nitakuwa nimevunja ombi lake, na pengine binti atamchukua hata hivyo, safari hii kwa haki. Nikikaa kimya, nitamfungia mizigo kwa mikono yangu.

Wanangu, nielekezeni kabla ya Jumapili. Nifanyeje?