Sista Asiyesalimu

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa hapa Machakos, Metroni, yaani msimamizi wa wauguzi wote, hakunionyesha wodi wala kabati la dawa. Alinirudisha hadi langoni.

"Sista Syombua, wewe ni wa hapa," akasema. "Utasoma faili za watu waliokubeba mgongoni. Ukivuka hili lango kutoka nje, usimsalimie mgonjwa wako kwanza. Ngoja akusalimie yeye. Asipokusalimia, humjui."

Nilidhani ni maringo ya wakubwa. Nimelelewa Ukambani, ambako ukimpita mtu mzima bila kumjulia hali, habari zinamfikia mama yako kabla hujafika nyumbani. Lakini niliwekwa kliniki ya akili, chumba cha mwisho nyuma ya jikoni, na mwezi haukuisha kabla sijamwelewa. Wagonjwa wangu walipitia uani. Mmoja alibeba mtungi mtupu kila mara, ili aonekane amekuja kuchota maji.

Baadaye nilipelekwa zahanati ya Kivaa, nikakaa miaka miwili, kisha nikaomba kurudi. Daktari Msimamizi aliisoma barua yangu mara mbili. "Wenzako wanalilia Nairobi," akasema, "na wewe unataka kwenu?" Nilitaka. Mji mdogo una raha zake, nanyi vijana mnaokimbilia Syokimau, mlangoni mwa Nairobi, msinicheke. Mgonjwa akikatiza dawa tulimwita difolta, na mwenzangu wa mji mkubwa angemtafuta wiki nzima. Mimi nilimtaja tu kwa muuza ndizi wa stendi, nikijifanya ni "binamu yangu wa Kola", naye akaniambia yuko wapi, ameamka saa ngapi na amekosana na nani. Mama yangu alipofariki, majirani Waislamu wa upande wa madukani walileta masufuria ya wali kabla sijajua nitawalisha nini waombolezaji. Sijasahau.

Muuza ndizi huyo huyo ndiye aliyemwona Mwalimu Kioko akipita uani, akapeleka habari stendi.

Mwalimu alikuwa mume wa Ndunge, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Alishikwa na huzuni nzito, ile inayomfanya mtu ashindwe hata kufunga viatu. Alikuja kila Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho. Tulizungumza, nikampa vidonge vya wiki, akarudi kwake. Nikikutana nao sokoni, yeye alitazama nyanya, nami nikapita.

Ndunge alikuja kwangu Jumamosi moja asubuhi, akakataa chai.

"Niko na swali moja," akasema. "Bwanangu anakuja kwako kila Alhamisi. Anakuja kufanya nini?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Anasema anaenda Kola kuangalia mahindi. Syombua, hata hatujapanda." Aliniangalia mpaka nikainamisha macho. "Niambie ni mgonjwa, ama uniambie ni wako."

Jibu lilikuwa neno moja tu, na lingenisafisha. Nilisema, "Ndunge, siwezi kukuambia kitu." Akajifunga leso yake, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata nilimsihi Mwalimu amweleze mkewe. "Nikimwambia, dada yake atajua," akasema. "Dada yake akijua, wazazi wote wamejua. Nani ataniachia mtoto nimfundishe?" Nilimhurumia, maana alisema kweli. Nilimkasirikia pia, sitaficha. Nilimhesabia vidonge vyake bila kumwangalia usoni.

Basi mji ukanihukumu. Chama chetu cha kina mama kilihamisha siku ya mkutano bila kuniambia. Kanisani, Ndunge alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine wamevaa sare nyeupe na mioyo wanaijua wenyewe. Nililia nyumbani, nikafua sare, nikarudi kazini. Wagonjwa wapya waliendelea kuja. Hata mke wa katekista wetu, aliyeacha kukaa benchi moja nami, alipita uani siku moja na kufunga mlango nyuma yake.

Miaka sita ilipita hivyo. Mwalimu alipona, akastaafu, na mwaka uliofuata nami nikarudisha funguo za kabati.

Juzi nilikuwa sokoni nikichagua maembe. Niliwaona wakija, Mwalimu amebeba kikapu. Kwa mazoea niligeuza uso. Kikapu kikatua miguuni pangu.

"Uvoo waku, Syombua?" Ilikuwa sauti ya Ndunge, akinijulia hali kwa Kikamba.

"Ameniambia," akasema. "Jana jioni, mpaka mwisho. Nilikutukana kanisani na ulikuwa na neno moja tu la kuninyamazisha. Kwa nini hukusema?"

"Lilikuwa lake."

Alinishika mkono, mbele ya muuza ndizi na soko zima. Kisha akamwambia Mwalimu atangulie na kikapu, akangoja mpaka amefika mbali.

"Mimi pia niko na jambo," akasema polepole. "La siku nyingi. Hata yeye halijui. Huu mji wote sijapata wa kuambia."

"Ndunge, nimestaafu. Sina hata ofisi."

"Najua. Twende kwako. Leo nitakunywa chai."

Akanywa vikombe viwili, akanieleza hadi jua likaanza kushuka. Mkija Machakos, karibuni nyumbani, nitawachemshia nanyi. Ila hilo la Ndunge msiniulize.