Mtamba Niliyepiga Naye Picha

Leo saa nne asubuhi nimepoteza zamu yangu ya kupewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwenye kikundi chetu cha maziwa. Nimeisubiri miaka mitatu!

Sababu? Picha.

Ijumaa kampuni moja ya mjini ilinikabidhi mtamba mbele ya watu. Nikashika kamba, nikatabasamu. Makofi yalipoisha wakampakia tena kwenye lori: "Mama, anaenda kuchanjwa, kesho anarudi."

Leo siku ya sita.

Kikundini, anayepewa ng'ombe humpa mwenzake anayefuata mtamba wa kwanza kuzaliwa. Leo anayefuata nilikuwa mimi. Mwenyekiti akanionyesha ile picha ya kampuni kwenye simu: "Mama Neema, si wako huyu? Wa pili wa nini?"

Nikasema banda ni tupu, njooni muone.

"Umemficha kwa dada yako kule Njoro!" mmoja akadakia. Wakacheka. Mtamba akapewa mwanakikundi mwingine.

Ng'ombe wangu alikufa Machi. Wateja wangu kumi na wanne nawachukulia maziwa kwa jirani, na wiki ijayo ng'ombe wake naye anakaushwa, hakamuliwi tena mpaka azae.

Mnaoniandikia hongera, acheni kwanza.

Nyie wa kampuni, picha mliiweka mtandaoni wenyewe. Mtamba yuko wapi? Nijibuni hapa hapa kabla ya kesho saa sita mchana.