Chuo cha Vyumba Viwili

Naikumbuka vizuri siku niliposhuka pikipiki mbele ya chuo changu pale Kasongo, mwanangu, kwa sababu nililia mbele za watu. Vyumba viwili, bati lenye kutu. Wenzangu wa sekondari walikuwa wameenda miji mikubwa, kwenye vyuo vyenye ghorofa, na mimi baba kanileta kusomea famasia mahali ambapo mbuzi wamelala barazani. Aibu gani ile!

Aliyenikuta ni mwalimu wa dawa, mzee mmoja wa kabila la Wabangubangu, mfupi, mkali. Hakunipa hata pole.

"Unalilia nini, we mutoto?"

"Chuo ni kidogo, Mwalimu."

"Ukuta ndiyo itakufundisha? Panguza machozi, ingia ndani."

Tulikuwa wachache mno, hata ukikohoa alijua ni nani. Kwinini tuliyoisaga kwenye kinu alitulazimisha kuigusa kwa ncha ya ulimi, kisha tuteme. Loo, uchungu ule! Mchana kutwa hata ugali hauna ladha. Tulimnung'unikia sana. Yeye jibu lake lilikuwa moja: "Mutu atakuletea mutoto mugonjwa. Ujue unamupa nini." Katika umati wa mjini, nani angejishughulisha na ulimi wangu?

Nikamaliza, nikarudi kwetu Kabambare, nikafungua duka la dawa. Usidhani basi mambo yakanyooka. Masika haya mama mmoja alikuja kutoka Salamabila kwa pikipiki, njia yote tope, mtoto mgongoni anachemka kwa homa. Vidonge alikuwa amenunua sokoni.

"Mama Zaina, nimemupa kwinini, lakini homa iko palepale."

Nikavunja kidonge kimoja, nikakionja. Hakuna uchungu hata kidogo, kama unga wa muhogo. Ulimi hauwezi kupima kila dawa, mwanangu, lakini kwinini isiyo chungu si kwinini.

Nilimkimbiza mtoto hospitali. Tulikuwa tumechelewa. Alikufa kabla ya adhuhuri, mama yake bado kashika kile kipakiti cha vidonge. Nikamwendea muuzaji mwenyewe, nikamgombeza mpaka sauti ikanikauka. Akacheka tu: "Mama, watu wananunua." Na leo hii bado anauza. Nimechoka, sikufichi. Nilijua kilichomwua yule mtoto, na kujua kwangu hakukumsaidia kitu.

Sasa nasikia wewe umemaliza sekondari, unataka chuo cha mbali ili upige picha na toga, lile joho la kuhitimu. Hizo picha nimeziona, zimetundikwa kwa majirani zangu, na hakuna hata mmoja wa waliopigwa aliyerudi. Siwalaumu. Nani atatamani njia hizi? Lakini macho yangu yanafifia, na nikiondoka mimi, hapa sioni atakayekivunja kidonge akakionja.

Basi nasaha yangu ni hii: usichague chuo kwa ghorofa. Nenda Kasongo, kaa darasani siku moja, utazame kama mwalimu anawajua wanafunzi wake kwa majina, na kama mikono yao inashika dawa. Ukikuta anawasomea makaratasi tu, toka, udogo peke yake haufundishi mtu. Ukimpata wa kukukaripia, mng'ang'anie. Siahidi kwamba utaokoa watu. Wengine watakufia mikononi ilhali unajua kila kitu, na kesho yake utafungua duka vilevile.

Mungu akulinde njiani, mwanangu, akupe mwalimu mkali, akurudishe kwetu ungali na nguvu. Na ukinikuta sipo, yule mama wa Salamabila ana mimba nyingine. Akija, mfungulie mlango.